UZI: Lori lisilo na dereva limekuwa "njiani" tangu 1939. Shida ni hiyo njia

1/
Mjadala wa ajira ukianza huku kwetu, kuna watu wawili lazima watokee. Wa kwanza: "Roboti zinakuja, madereva wa matrela kwisha." Wa pili: "Wacheni woga, tutaruka hatua vile tuliruka simu za waya tukaenda moja kwa moja kwa simu za mkono." Wote wawili hupigiwa makofi. Na wote wawili huruka swali moja: hilo gari litapita wapi?

2/
Nina sababu ya kujali hii mambo. Mjomba wangu anaendesha trela, Mombasa hadi Malaba. Kila Desemba tukikutana ushago ananiuliza: "Wewe msomi wa siasa, hii kazi yangu imebakisha miaka mingapi?" Huu uzi ni jibu langu kwake. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ni historia tu. Twende.

3/
Tuanze New York, 1925. Gari linapita barabara ya Broadway na hakuna mtu kwenye usukani. Umati umeshika mdomo. Siri ilikuwa gari la pili lililofuata nyuma, ndani yake mtu anaongoza lile la mbele kwa mawimbi ya redio. Onyesho lilikwisha vibaya: gari liligonga gari lingine lililojaa wapiga picha. Weka hiyo picha kichwani, tutairudia. Dereva hakuwa ametoweka. Alikuwa amehama gari.

4/
1939, New York tena, Maonyesho ya Dunia. Kampuni ya General Motors inaonyesha mfano mkubwa unaoitwa Futurama, uliobuniwa na Norman Bel Geddes. Unakaa kwenye kiti, unazungushwa, unaona Marekani ya 1960: barabara pana, magari yanajiendesha bila kugongana. Hapo soma kama mwanafunzi wa siasa. Gari ni la kampuni. Lakini hiyo barabara nani anaijenga? Serikali, kwa pesa ya mlipa kodi. Hiyo ndoto ya kwanza ilikuwa pia bili, na bili ilikuwa ya umma.

5/
Mwisho wa miaka ya 1950, kampuni ya RCA ikishirikiana na General Motors ilizika nyaya chini ya barabara Nebraska, kipande cha kama mita 120. Gari lilisoma zile nyaya na likafuata. Kitu kilifanya kazi! Shida ni hesabu. Mwaka wa 1956 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kujenga barabara kuu za kilomita kama 66,000. Kuzika nyaya kote huko, na kuzitunza kila msimu wa theluji? Hiyo hesabu haikumpata mlipaji. Barabara zilijengwa, nyaya zikabaki kwenye majaribio.

6/
Wajerumani wakaja na wazo la kinyume: wacha barabara ilivyo, lipe gari macho. Profesa Ernst Dickmanns na wenzake wa chuo kikuu cha jeshi huko Munich waliweka kamera na kompyuta kwenye gari la Mercedes. 1987 likakimbia kama kilomita 96 kwa saa kwenye barabara kuu isiyo na magari mengine. 1995 gari lao lingine lilitoka Munich hadi Odense, Denmark, na sehemu kubwa ya safari lilijiendesha lenyewe. Lakini angalia lilikuwa linaona nini: mistari iliyopakwa vizuri kwenye lami. Macho bila mistari hayakufiki mbali.

7/
Mwaka huohuo, 1995, watafiti wa Carnegie Mellon walivuka Marekani kutoka Pittsburgh hadi San Diego. Kompyuta ilishika usukani kwa asilimia 98.2 ya safari. Breki na mafuta vilibaki kwa binadamu. Asilimia 98 inasikika poa sana, sivyo? Sasa leta hapa nyumbani. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ile asilimia 1.8 iliyobaki ni kilomita nane na kitu. Mjomba akiachilia usukani kilomita nane pekee kwenye hiyo safari, hatumwoni tena.

8/
Serikali ya Marekani nayo ilijaribu. 1991 Bunge lao lilipitisha sheria iliyotaka barabara ya majaribio ya magari yanayojiendesha iwe tayari kufikia 1997. Na kweli, Agosti 1997, San Diego, magari aina ya Buick yalikimbia yakifuatana karibu karibu, yakisoma sumaku zilizozikwa barabarani. Viongozi walipanda, picha zikapigwa. Muda mfupi baadaye serikali ikaondoa pesa na mpango ukafa.

9/
Kwa nini ulikufa? Hakuna mtu angenunua gari la aina hiyo kabla barabara haijawekwa sumaku, na hakuna serikali ingeweka sumaku kwa ajili ya magari ambayo hayajanunuliwa. Yai na kuku. Ukiongeza swali la nani alipe watu wakiumia, kila mtu akaangalia kando. Gari lilikuwa limefaulu mtihani wake. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani anabeba gharama, na hayo hayatengenezwi na injinia.

10/
Ndio jeshi likaingia. 2004 shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, liliweka zawadi ya dola milioni 1 kwa gari litakalovuka jangwa la Mojave lenyewe, kama kilomita 240. Lililofanya vizuri kuliko yote halikufika hata kilomita 12. Mwaka uliofuata, magari matano yalimaliza, na la Stanford likashinda. Jeshi halitaki gari linalongoja mistari ipakwe. 2009 Google ikaanza mradi wake, ambao 2016 uligeuka kampuni ya Waymo. Ahadi mpya ikawa tamu sana kwa wanasiasa: hamhitaji kujenga chochote, akili yote iko ndani ya gari.

11/
Hapo ndipo wengi husimamisha hadithi. Mimi naona ndipo inaanza, kwa sababu barabara ilifukuzwa mlangoni ikarudi kwa dirisha.

Ramani, kwa mfano. Magari mengi ya aina hii hayaingii mtaa kabla mtaa haujapimwa kwa undani wa sentimita: ukingo, taa, kivuko, kila kitu. Hiyo ramani ni miundombinu, hata kama huioni. Inatakiwa itunzwe. Kontrakta akichimba mtaro leo usiku bila kuambia mtu, ramani ya asubuhi ni ya uongo.

12/
Malori nayo yana shida yao. Lori la tani 36 likiwa kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa linahitaji kama mita 160 ndio lisimame. Kwa hivyo mashine lazima ione mbali zaidi ya hapo, na ielewe inachoona, mapema. Mvua, vumbi na ukungu hupunguza macho ya kamera na ya vifaa vya leza. Sasa unaelewa kwa nini majaribio mengi ya malori yalikwenda Texas na Arizona: jua, lami pana, mistari. Halafu fikiria Kinungi saa kumi na moja asubuhi, ukungu umekaa kama blanketi.

13/
2025 kampuni ya Aurora ilianza kupeleka mizigo kati ya Dallas na Houston bila mtu kwenye usukani, kwanza mchana na hali ya hewa ikiwa nzuri. Ni hatua kubwa, tusidanganyane. Lakini ndani ya wiki chache mtu alirudishwa kwenye kile kiti, kama mtazamaji tu, kwa ombi la watengenezaji wa lori lenyewe. Kutoka 1925 hadi 2025 ni miaka 100, na bado tunabishana nani akae wapi.

14/
Kisa ninachokipenda zaidi ni cha pembetatu. Ile nyekundu, laifseva, unaweka nyuma ya gari likiharibika. Sheria ya Marekani inamtaka dereva wa lori aliyekwama aiweke ndani ya dakika 10. Lori lisilo na mtu litaishukisha nani? Aurora na Waymo waliomba kutumia taa maalum za kumulika badala yake. Desemba 2024 serikali ikakataa. Aurora ikaenda kortini, na baadaye wakapewa ruhusa ya muda. Teknolojia ya mabilioni ya dola, imekwama kwa plastiki ya pembe tatu.

15/
Na huku kwetu? Laifseva zenyewe mara nyingi ni matawi. Unapanda mlima, unaona majani yamelazwa kwenye lami, unajua bila kuambiwa: kuna trela limelala mbele. Hiyo ni lugha ya barabara. Haiko kwenye kitabu chochote cha sheria, na kila dereva Mkenya anaisoma. Kamera iliyofunzwa Texas itaona majani.

16/
Kuna kisa kizito pia. Machi 2018, Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mfumo ulimwona sekunde tano na zaidi kabla, lakini haukuwa umeundwa kumtarajia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Sasa simama Mlolongo au Githurai saa moja jioni uhesabu wanaovuka kwenye kivuko.

17/
Na angalia lawama ilikwenda wapi. Kampuni haikushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliyeshtakiwa ni mfanyakazi aliyekaa kwenye kiti cha dereva kulinda mashine, ambaye alikuwa anatazama simu. Hilo ni swali la siasa kabisa: mashine ikiendesha, nani anaenda jela? Sheria yetu ya Trafiki, Sura 403, imejengwa juu ya mtu anayeitwa dereva. Ukimtoa, sheria inabaki na shimo katikati.

18/
Kuna hata kisa cha stima. Desemba 2025 umeme ulipotea sehemu kubwa ya San Francisco, taa za barabarani zikazima. Teksi za Waymo zikaanza kusimama kwenye makutano, na kampuni ikasitisha huduma kwa muda. Maelezo yao yanafundisha: gari likiwa na shaka huomba uhakika kutoka kwa binadamu aliye mbali, na usiku huo maombi yalifurika. Umeona? Ni 1925 tena. Dereva alihama gari, akaenda kukaa ofisini na kompyuta.

19/
Hiyo ni San Francisco. Sisi Januari 2022 stima ilipotea karibu nchi nzima baada ya nguzo kuanguka, ikadaiwa ziliharibiwa na wezi wa vyuma, na serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa miezi kadhaa. Hao hao wanaouza vyuma ndio hung'oa ishara za barabarani na vyuma vya kingo. Gari linalosoma ishara linahitaji kwanza ishara ilale usiku na iamke ikiwa hapo.

20/
Sasa, kuna mahali haya malori yamefaulu bila shida kubwa? Ndiyo. Migodini. Huko Pilbara, Australia, na kwenye mgodi wa shaba Chile, malori makubwa yasiyo na dereva yamebeba mawe tangu 2008. Kwa sababu mgodi unamiliki lori, unamiliki barabara, na unaweka sheria. Hakuna boda, hakuna mbuzi, hakuna mama wa mahindi. Hiyo ndiyo kanuni nimeipata kwenye historia yote hii: mashine hufaulu pale mwenye gari na mwenye njia ni mtu mmoja. Barabara ya umma ni yetu sote, ndio maana ni ngumu.

21/
Na kama unafikiri kanuni hiyo haituhusu, kumbuka SGR. Ilifunguliwa 2017. Reli ni njia yenye mwenyewe mmoja. Baadaye likaja agizo kwamba makontena ya bara yapande treni. 2019 watu wa Mombasa waliandamana: madereva, mafundi, wenye maghala. Agizo liliondolewa 2022. Wakati huo wote hakukuwa na roboti hata moja kati ya Mariakani na Mtito Andei. Kazi zilitikiswa na reli pamoja na barua. Anayekuambia uogope roboti peke yake hajakuambia uangalie sahihi.

22/
Sasa yule wa "kuruka hatua". Simu ya mkono iliruka waya kwa sababu mnara mmoja unahudumia maelfu, na kampuni iliyojenga mnara ndiyo inakusanya pesa. Barabara haina mnara. Kila kilomita inataka mstari wake, ishara yake, mtaro wake. Na pesa tunalipa: ushuru wa matengenezo ya barabara ulitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Kisha magavana na wabunge wakapigania nani aishike. Wakati kesi inasikizwa, mstari unafutika.

23/
Nisiwe na upendeleo. Upande wa mashine una hoja nzito. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Mashine hailali, hailewi, haitelezeshi trela na giya huru kushuka Salgaa ili ibakishe mafuta. Mtu anayelilia usalama si adui wa madereva. Lakini usalama hauhitaji tungoje lori la kujiendesha. Umoja wa Ulaya umelazimisha malori mapya makubwa yawe na breki za dharura zinazojifunga zenyewe tangu 2015. Hiyo ni sheria unaweza kuijadili Bungeni wiki ijayo, na dereva anabaki kwenye kiti.

24/
Halafu tazama orodha ya vitu mashine inahitaji: mistari inayoonekana usiku, ishara zisizoibiwa, taa zisizozima, madaraja ya miguu, mahali salama pa lori kusimama. Ni orodha hiyo hiyo mjomba amekuwa akiililia miaka yote. Tofauti ni kwamba akiiomba dereva ni malalamiko, akiiomba kampuni ya teknolojia inaitwa uwekezaji. Hapo ndipo mimi hukasirika.

25/
Kwa hivyo mgombea akija na hii mada, upande wowote, muulize matatu. Moja: nani atapaka mistari, kwa pesa gani, na atairudia lini? Mbili: likigonga mtu, nani anasimama kizimbani? Tatu: zile kazi za dereva na taniboi ambazo si usukani, kulinda mzigo, kubadilisha gurudumu usiku, kusukumana na makaratasi Malaba, nani atazifanya na atalipwa ngapi?

Akijibu kwa "teknolojia ni siku zijazo", ujue hajajibu.

26/
Mjomba, jibu langu ni hili. Usiangalie gari, angalia barabara. Siku utaona leni moja imezungushiwa ua kutoka bandarini, mistari inang'aa, hakuna boda, hakuna mwenda kwa miguu, na ni malori ya kampuni moja tu yanaruhusiwa, siku hiyo nipigie simu haraka, kwa sababu kuna mtu ameshatia sahihi mahali.

27/
Nilimsomea hii sehemu kwa simu jana. Alikuwa amesimama mahali, mvua inanyesha, anangoja ipungue kwa sababu hakuwa anaona katikati ya barabara iko wapi. Alicheka, akasema: "Basi waambie waanze na kupaka rangi. Hata mimi nitafurahi."

Mwisho wa uzi. Mwenye mzazi au ndugu kwenye matrela, mpelekee.